Tulitaka kwenda Tanga, tukaishia pangoni

Mwanangu wa kwanza ana miaka 12. Jumapili moja ya mwezi wa kumi, nilipokuwa nakunja nguo sebuleni kwetu Peckham, aliniuliza kama mwakani tutakwenda Tanga kumwona Bibi. Nikamjibu kama ninavyomjibu siku zote: "Inshallah."

Akaniangalia, akaniambia: "Mama, wewe ukisema Inshallah maana yake ni hapana. Si useme tu hapana."

Nilikasirika kidogo. Nikamwambia asichezee neno la Mungu. Lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu mtoto alisema kweli. Kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa nimewaambia "mwakani", na kila mwaka nikipiga hesabu ya tiketi za watu wanne wakati wa likizo za shule, nafunga simu na kuendelea na kupika. Sikuwahi kuwaambia watoto kuwa tatizo ni pesa. Niliwaambia Baba hana likizo, mara mvua zitakuwa nyingi, mara Bibi mwenyewe atasafiri. Wazazi wenzangu mlio ugenini, nadhani mnanielewa.

Mpango ulivyoharibika

Wiki iliyofuata ilikuwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Ili kuwafariji, niliwaahidi tutakwenda pwani, Margate, na rafiki yetu mwenye gari. Jumanne usiku rafiki akapiga simu: gari limegoma, fundi anataka siku tatu. Basi, Jumatano asubuhi nikajikuta na watoto wawili wamenuna mezani, baba yao yuko kazini, na bahasha yenye pauni 50, ambayo ndiyo ilikuwa bajeti ya starehe ya wiki nzima.

Nikatoka kwenda Rye Lane kununua muhogo. Wanaoishi huku wanaijua Rye Lane: samaki wamepangwa juu ya barafu, ndizi za kupika zinaning'inia, muziki wa Nigeria dukani, na kila mtu anasukumana na kigari cha mtoto. Dukani nikakutana na mama mmoja wa Bukavu. Tunajuana kwa sababu ya majani ya muhogo: yeye anayaita sombe, mimi naita kisamvu, na kila tukikutana tunabishana nani anajua kuyapika. Nikamwambia shida yangu. Akacheka. "Peleka batoto ku mapango ya Chislehurst," akasema. "Shule ilipeleka bangu. Iko hapa tu, hata bei haiko mbaya."

Mapango? London? Nilidhani ananitania. Lakini nikaangalia kwenye simu, nikakuta ni kweli. Nikarudi nyumbani nikawaambia watoto wavae majaketi.

"Tunaenda wapi?" akauliza binti yangu wa miaka minane.

"Pangoni."

Kaka yake akainua uso kwenye simu kwa mara ya kwanza siku ile.

Kutoka Peckham Rye

Tulipanda treni stesheni ya Peckham Rye. Inapita Nunhead na Catford, kisha nyumba zinaanza kuachana na miti inaongezeka, mpaka Bromley South. Hapo tukachukua basi, tukashuka karibu na stesheni ya Chislehurst na kutembea dakika chache. Ukiwa hapo bado uko ndani ya London, lakini hewa ni nyingine kabisa. Kumetulia, kuna majani makavu njiani, na huoni duka hata moja la nywele.

Sasa niseme ukweli mapema, ili msije mkanilaumu. Mapango ya Chislehurst si mapango ya asili kama yetu ya Amboni. Ni machimbo. Watu walichimba mwamba mweupe wa chokaa, laini mfano wa chaki ya shule, pamoja na mawe ya gumegume, yale yaliyokuwa yakitumika kutoa cheche kwenye bunduki za zamani. Kazi hiyo ilianza katika karne za kati na ikaendelea mpaka karne ya 19. Inasemekana njia zake zote ukizinyoosha ni kama maili 22, yaani kilomita 35 hivi. Kwa hiyo huingii peke yako. Kila kundi lina mtembeza wageni wake, na ziara yenyewe inachukua karibu saa nzima.

Mtembeza wageni wetu alikuwa mzee mcheshi. Aligawa taa za mkononi, mfano wa chemli za kwetu, taa moja kwa watu kadhaa. Kijana wangu akadaka ya kwetu kabla sijanyoosha mkono. Ndani hakuna taa za ukutani. Ukipiga hatua ishirini kutoka mlangoni, mwanga wa mchana umekwisha.

Baridi ya humo haibadiliki, kama nyuzi 10 hivi, kiangazi na kipupwe. Sakafu si mbaya, lakini ina mabonde. Na mimi, wapenzi wasomaji, ndiye niliyekuwa naogopa kuliko wote. Binti yangu alinishika kidole kimoja, mimi nikamshika mkono mzima.

Watu 15,000 chini ya ardhi

Kilichonigusa zaidi ni habari za vita. Ndege za Ujerumani zilipoanza kuipiga London kwa mabomu mwezi wa tisa mwaka 1940, watu walikimbilia humu. Mwanzoni walikuja na blanketi zao tu na kulala chini. Baadaye pakawekwa umeme, vitanda vya kupandana, kanisa, hata hospitali. Mtembeza wageni alituambia kuna wakati watu 15,000 walikuwa wakilala humu. Mji mzima chini ya ardhi! Kila familia ilikuwa na sehemu yake, na sheria zilikuwepo: usiku ukifika, kelele basi.

Tukaoneshwa mahali palipokuwa kanisa. Tukaambiwa kuna mtoto wa kike aliyezaliwa pangoni humu wakati wa vita, akapewa jina linalotokana na pango lenyewe. Binti yangu alisimama hapo muda mrefu. Akauliza kwa Kiingereza, mbele ya watu wote: "Mama yake aliogopa?" Mzee akamjibu kuwa bila shaka aliogopa, lakini nje kulikuwa kunatisha zaidi.

Kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Kwanza, mapango haya yalikuwa ghala la silaha la kiwanda cha Woolwich. Kati ya vita na vita watu wakalima uyoga humu. Na miaka ya 1960 yakageuka ukumbi wa muziki: Jimi Hendrix alipiga humu, David Bowie naye. Kijana wangu hakuwajua, lakini alipoona nimeshtuka kusikia jina la Hendrix, akaandika kwenye simu yake akawatafute akifika nyumbani.

Taa zilipoondoka

Katikati ya ziara mzee alituomba tusimame, tumpe taa zote. Akazichukua, akatembea nazo hadi kwenye kona, akapotea. Sijawahi kuona giza la namna ile. Usiku wa kijijini una nyota. Giza la umeme kukatika lina moto wa jirani. Giza la pangoni halina kitu. Nilifunga macho na kuyafungua, na hapakuwa na tofauti.

Kisha akapiga kitu mfano wa bati kule mbali. Mlio ukaja ukizunguka kutoka njia moja kwenda nyingine, kama radi, ukakaa muda ndipo ukafa. Mtu mmoja alipiga ukelele. Nakiri, ni mimi.

Katika ukimya uliofuata nikasikia sauti ya mwanangu sikioni, kwa Kiswahili, labda kwa sababu hakutaka wengine wamwelewe: "Mama, ya kule Tanga nayo iko hivi?"

Nilikuwa nimewasimulia mara nyingi kuhusu Amboni. Kwamba yako kama kilomita nane kaskazini ya mji, ukishika barabara ya Mombasa. Kwamba ndani mna popo maelfu na mahali watu wanapoweka sadaka na kuomba. Kwamba wazee wanasema kuna njia ya chini inayotokea Mombasa, na kwamba mbwa mmoja aliyepotea humo alionekana Kilimanjaro. Niliwasimulia kana kwamba nimeingia mara kumi.

"Sijui," nikamwambia. "Sijawahi kuingia."

"Si ulisema uliingia?"

"Nilisema yapo. Kuingia sijaingia."

Taa zikarudi, tukaendelea kutembea. Lakini nilijua sijamaliza.

Kwa nini sikuingia Amboni

Kuna mgahawa mdogo pale mlangoni. Nikanunua chai moja na vikombe viwili vya chokoleti ya moto, tukatoa chapati zetu tulizobeba, na nikawaeleza watoto jambo ambalo sikuwahi kulisema.

Nilipokuwa darasa la tano, shule yetu iliandaa safari ya Amboni. Kila mtoto alitakiwa kuleta mchango. Nilifika nyumbani nikiruka. Baba yangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Amboni mna mizimu, na si mahali pa mtoto wa kike. Akasema mwaka ujao, nikikua kidogo, tutaona. Siku ya safari nilibaki nyumbani. Wenzangu walirudi na matope miguuni na hadithi za wiki nzima. Nami kwa miaka mingi niliamini kuwa mapango ni mahali pabaya. Hata nilipokuwa mkubwa, nina nauli yangu mwenyewe, sikwenda. Niliogopa.

Baba alipofariki, siku ya tatu baada ya mazishi, mama alikuwa anatukumbusha mambo yake. Akacheka akasema: "Unakumbuka ile safari yenu ya Amboni? Maskini baba yako. Mshahara wa shamba la mkonge ulikuwa haujatoka miezi miwili. Aliona haya kukwambia hana, akasingizia mizimu."

Hapakuwa na mizimu. Palikuwa na shilingi zilizokosekana na mwanamume aliyeona aibu mbele ya binti yake. Kama angeniambia, ningelia siku moja, basi. Lakini aliniachia woga wa miaka 30.

Watoto walinyamaza. Kisha kijana akauliza, bila hasira safari hii: "Kwa hiyo sisi Tanga hatuendi kwa sababu hatuna pesa?"

"Ndiyo," nikasema. "Kwa sababu bado hatuna. Si kwa sababu ya likizo ya Baba wala mvua."

"Ungeniambia tu."

"Ndiyo nakwambia."

Binti yangu akauliza kama kwenye mapango ya Amboni kuna mtoto aliyezaliwa humo. Nikamwambia sijui, ila kuna pango jingine kwetu pwani, upande wa Kenya, kule Kilifi, linaitwa Panga ya Saidi. Wanasayansi walikuta humo kaburi la mtoto wa miaka miwili au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Ni kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Alilazwa kwa ubavu, amekunjwa miguu, na inaonekana kichwa chake kiliwekewa kitu cha kuegemea. Wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

"Wamemwita Mtoto tu?" akauliza.

"Mtoto tu."

Akafurahi sana. Treni nzima ya kurudi alikuwa anamwambia kaka yake kuwa neno lake la Kiswahili liko kwenye vitabu vya sayansi.

Karatasi ya jikoni

Usiku ule baba yao aliporudi kazini tulikaa wote wanne mezani. Nikachukua karatasi, nikaandika bei ya tiketi nne za mwezi wa saba, chini yake kiasi tunachoweza kuweka kila mwezi. Baba yao aliniangalia kama nimevua nguo mbele za watu. Kwetu hesabu za nyumba hazioneshwi watoto. Lakini aliponiona sinyamazi, naye akachukua kalamu, akasahihisha, kwa sababu nilisahau gharama ya zawadi. Nani anakwenda kwao mikono mitupu?

Kijana akagawanya mwenyewe. Jibu likawa miezi 22.

"Nitakuwa nina miaka 14," akasema.

"Ndiyo."

Alikaa kimya. Niliona kabisa hajafurahi, na sikujaribu kumfurahisha. Kisha akasema: "Sawa. Lakini siku ya kwanza tunaenda Amboni. Hata kabla ya kulala."

Nikamwambia siku ya kwanza ni ya Bibi. Tukabishana. Tukakubaliana siku ya tatu. Karatasi iko kwenye friji mpaka leo, na kila mwisho wa mwezi ni yeye anayekata mstari.

Nikampigia mama yangu simu kumsimulia. Alinicheka kwanza kwa kuvuka bahari nzima ili niende kuingia shimoni kwa Wazungu. Nilipomweleza kuhusu karatasi, alinyamaza kidogo. "Miezi 22," akasema. "Haya. Mimi nitakuwepo, Inshallah." Nikamwangalia mwanangu. Naye akatabasamu, kwa sababu alijua kuwa Inshallah ya Bibi ni ile yenyewe.

Mkitaka kwenda

Kwa wanaoishi London, hizi ndizo dondoo zangu:

Angalieni tovuti ya mapango kabla ya kutoka. Siku za kufunguliwa na bei za tiketi hubadilika, na siku nyingine hufungwa kabisa.

Vaeni jaketi hata kama nje ni kiangazi, na viatu vya kufunga. Viatu vya kisigino viacheni nyumbani.

Bebeni chakula chenu. Sisi watu watatu, kwa nauli, tiketi na vinywaji, tulirudi na zaidi ya pauni 10 kwenye bahasha. Watoto chini ya miaka 11 hawalipi nauli kwenye basi za London, na kwa treni waombeeni kadi zao mapema.

Mtoto anayeogopa giza mwambieni kabla kuwa taa zitaondoka kwa muda mfupi. Mama anayeogopa giza naye aambiwe.

Wanaotaka mapango ya asili, yale ya kuvaa kofia ngumu na kutambaa kwenye matope, wanakwenda vilima vya Mendip kule Somerset au Yorkshire Dales. Huko msiingie bila mwalimu wa kazi hiyo, wala wakati wa mvua kubwa, kwa sababu maji hujaa haraka chini ya ardhi.

Na wanaokwenda nyumbani Tanga mwaka huu: mapango ya Amboni yapo na yanatembelewa, pamoja na waongozaji. Ile habari ya njia ya kwenda Mombasa wataalamu walishaipima mwaka 1994, wakakuta pango lililo refu zaidi halifiki hata kilomita moja. Lakini msiniharibie kwa wanangu. Nataka wakasimuliwe na Bibi kwanza, hivyo hivyo, na mbwa wake wa Kilimanjaro.